Bi Hakiki na Makro Aliyoiandika Mwenyewe

Baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minne ya utumishi, Karani Mkuu wa Kumbukumbu wa hospitali yetu anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi kamili jioni. Saa imetajwa kwa sababu yeye mwenyewe aliomba itajwe. Barua ya kustaafu ilisema "mwisho wa mwezi," naye akairudisha Utumishi ikiwa na swali pembeni kwa wino mwekundu: mwisho upi, wa asubuhi au wa jioni?

Kwa tabia hiyo alipewa jina la Bi Hakiki, na wengi wetu hatujawahi kumwita kwa lingine. Ukimpelekea orodha, anauliza, "Umehakiki?" Ukijibu ndiyo, anauliza umehakiki na nani. Mumewe, shemeji yetu fundi wa majokofu, anasimulia kwamba barua yake ya kwanza ya mapenzi ilimrudia baada ya siku tatu ikiwa imesahihishwa nukta na mikato. Anasema alifurahi, maana angalau ilikuwa imesomwa hadi mwisho.

Aliajiriwa akiwa mpiga chapa wa masijala, chumba cha chini chenye dirisha moja linalotazama matairi ya magari ya wagonjwa. Alikuta majalada elfu tisa yaliyopangwa kwa mtindo ambao mtangulizi wake aliuita "najua mwenyewe." Mtangulizi alipostaafu, aliondoka na mtindo wake. Bi Hakiki alitumia miaka miwili kuyapanga upya, na katika kazi hiyo aligundua kwamba hospitali ilikuwa na wagonjwa kumi na wanne waliokwisha kufariki lakini bado wakiandikiwa dawa za kikohozi.

Kompyuta ya kwanza ilipofika, ilivalishwa kitambaa cha kufuma na kufungiwa ofisini kwa mkurugenzi wa wakati ule, aliyehofia kwamba ikitumika itachakaa. Bi Hakiki alitumwa kuipangusa vumbi kila Jumatatu. Miezi sita baadaye vumbi halikuwa limepungua sana, lakini orodha ya wagonjwa wote wa kliniki ya kifua ilikuwa imo ndani ya mashine, kwa mpangilio wa alfabeti. Mkurugenzi alishangaa, kisha akaitisha mkutano wa kutangaza kwamba amefanikisha mpango wake wa kuingiza hospitali katika zama za kisasa.

Tangu hapo hakurudi kwenye taipureta. Alijifunza lahajedwali kwa vitabu vya kuazima, na baadaye akajifunza makro, yaani yale maagizo ambayo mtu huyaandika mara moja na kompyuta ikayatekeleza yenyewe kila inapoamriwa, bila kuchoka na bila kuuliza. Hilo la kutouliza, mtu mwenye tabia yake angeliona kasoro kubwa. Yeye aliliona kuwa sifa. Hata wanaohakiki sana wana siku zao za kuchoka kuuliza.

Kazi yake iliyosifiwa kuliko zote ilikuwa ratiba ya Kitengo cha Kusafisha Damu. Wagonjwa arobaini na wawili wa figo, mashine tisa, zamu tatu kwa siku. Kila mgonjwa alikuwa na mstari wake: jina, siku, mashine, dawa, na uzito mkavu, yaani uzito anaopaswa kubaki nao maji ya ziada yakishatolewa mwilini. Uzito huo ndio muuguzi anaoupigia hesabu kabla ya kumwunganisha mtu na mashine. Ukikosea ukatoa maji kidogo, mgonjwa anarudi nyumbani akihema. Ukitoa mengi, huenda asirudi nyumbani.

Bi Hakiki aliiandikia ratiba ile makro saba. Ya saba aliiita Mpangaji. Kila baada ya dakika kumi Mpangaji aliwapanga wagonjwa kufuata zamu zao, akahifadhi faili, kisha akatoa nakala ya akiba na kuiweka mahali pa ile ya zamani. Kwa Mpangaji huyo, Bi Hakiki alitunukiwa cheti cha Mfanyakazi Bora. Kilitundikwa kwenye korido, upande ule ambao jua halikifikii.

Sasa tufike kwenye Jumanne ambayo waandaaji wa sherehe hii ya kumuaga walishauri ipitwe kwa heshima. Mstaafu ameagiza isipitwe.

Ilikuwa miaka minne iliyopita. Saa moja asubuhi, muuguzi wa zamu aliwasha kompyuta ya wodini, akabofya ratiba, na kioo kikamjibu kwamba faili limeharibika na haliwezi kufunguka. Nje, kwenye benchi, wagonjwa tisa wa zamu ya kwanza walikuwa wamekwisha kukunja mikono ya mashati. Muuguzi huyo ndiye mwandishi wa wasifu huu. Kwa kuwa wasifu huandikwa kwa nafsi ya tatu, ataendelea kuitwa muuguzi, na atajitahidi kuwa mwungwana.

Aliitwa fundi wa kompyuta, maarufu kwa jina la Zima-Washa, kutokana na tiba yake kuu. Alizima, akawasha. Safari hii haikusaidia, ikabidi abofye kitufe ambacho hakuwahi kukibofya, kile cha kukarabati. Kompyuta ilitafakari kwa dakika nne, kisha ratiba ikafunguka, mistari yote arobaini na miwili, safi kabisa. Watu walipiga makofi. Mkuu wa Takwimu alipiga picha kioo, akaituma kwa mkurugenzi na maneno: tumedhibiti hali. Bi Hakiki alichapisha karatasi ya zamu ya kwanza, akaileta wodini mwenyewe.

Wa kwanza kwenye mzani alikuwa kinyozi, mtu mwembamba kama kitana chake. Akiwa na maji yake yote na viatu miguuni, mzani ulisema kilo hamsini na tano. Karatasi ilisema uzito wake mkavu ni themanini na tatu.

"Karatasi ina makosa," alisema muuguzi.

"Karatasi nimeitoa sasa hivi," alijibu Bi Hakiki. "Mzani wako mbovu."

Ili kuthibitisha, alivua viatu akapanda yeye. Mzani ulitaja namba ambayo haitaandikwa hapa. Alishuka, akapanda tena, kwa kuwa yeye ni mtu wa kuhakiki, na mzani ukashikilia msimamo wake. Akavaa viatu. Kisha akaichukua ile karatasi, akapitisha kidole kwenye safu ya uzito kutoka juu hadi chini, halafu akarudia kutoka chini hadi juu. Mama mjane wa mashine ya nne, ambaye kila mtu alijua ni mnene, alikuwa na kilo arobaini na tisa. Majina yalikuwa sahihi na namba zilikuwa sahihi. Ila hazikuwa za majina yale.

"Simamisheni," alisema Bi Hakiki. "Mtu yeyote asiguswe."

Mkuu wa Takwimu alikuja mbio kueleza kwamba hali imekwisha kudhibitiwa na kwamba ameshatuma picha. Bi Hakiki alimwambia kwamba picha ile haitaunganishwa na mashine. Kwa saa mbili hakuna mashine iliyozunguka, na watu tisa waliotakiwa kuwa wanasafishwa damu walikaa wakitazamana.

Tulikimbilia nakala za akiba. Ile ya saa hiyo ilikuwa na uzito uliohama vilevile, kwa kuwa Mpangaji, kwa uaminifu wake, alikuwa ameweka faili bovu mahali pa faili zima kila baada ya dakika kumi. Hakukuwa na ya juzi, wala ya wiki iliyopita. Tulikuwa na nakala ya akiba iliyotunzwa vizuri ya ubovu wetu wenyewe.

Kilichotuokoa ni madaftari. Zamani kila mgonjwa alikuwa na kidaftari ambamo muuguzi aliandika uzito wake kila anapokuja. Mwaka mmoja kabla, uongozi ulivipiga marufuku kwa waraka, kwamba haviendani na hadhi ya hospitali ya kisasa. Wagonjwa waliusikiliza waraka kwa adabu, wakaendelea kuvibeba ndani ya mifuko ya plastiki, na wauguzi wakaendelea kuviandika kwa siri. Siku ile kinyozi alikuwa wa kwanza kuchomoa chake kutoka mfuko wa suruali. "Mimi sikukitupa," alisema. "Mlisema kisionekane, sikukionyesha." Ndani mlikuwa na kilo hamsini na mbili na nusu, kwa mwandiko wa muuguzi. Kufikia saa nne mashine zote tisa zilikuwa zinazunguka, na kwa siku mbili, Jumanne hiyo na Jumatano, Bi Hakiki alikaa kwenye benchi la wodi akiwapokea wagonjwa mmoja mmoja na kujaza upya safu ya uzito.

Ikabaki kutafuta wa kumlaumu, kazi ambayo ofisi yetu haijawahi kuichelewesha.

Iliundwa kamati ya watu saba. Katika kitabu cha matukio, Bi Hakiki aliandika kwa mwandiko wake mzuri wa masijala: "Faili lilifungwa isivyostahili na muuguzi wa zamu Jumatatu jioni, umeme ulipoyumba." Ni kweli umeme uliyumba. Ni kweli muuguzi ndiye aliyekuwa wa mwisho kwenye kompyuta ya wodini. Kamati ilifurahi kupata sentensi iliyokwisha kuandikwa. Jumatano mchana muuguzi alipewa barua ya kujieleza na kuambiwa abaki nyumbani hadi aitwe. Kwenye korido ilisemwa kwamba atahamishiwa stoo ya mashuka. Alikuwa na miaka kumi na sita ya kuwaunganisha watu na mashine, na siku ile alifika nyumbani saa nane, akaketi jikoni bila kuvua sare, mama yake mzazi akamuuliza nani kafa.

Alhamisi saa nne na dakika kumi, faili lililojengwa upya liliharibika tena. Muuguzi alikuwa nyumbani kwake, akichambua mchele. Ilikuwa vigumu hata kwa kamati kueleza jinsi alivyolifikia.

Walijaribu. Zima-Washa alipendekeza kirusi, kisha vumbi, kisha panya kwenye nyaya. Mjumbe mmoja aliuliza kama muuguzi hana ndugu kazini. Lakini Bi Hakiki alikuwa amekwisha kuondoka kikaoni. Wenzake wa masijala wanasema alirudi mezani pake, akakisogeza kikombe cha chai, akakaa muda mrefu akilitazama jina la faili bila kulifungua.

Kisha akafanya alichopaswa kukifanya Jumanne. Alitoa nakala ya faili bovu ili la asili lisiguswe, akaipeleka kwenye kompyuta ya zamani isiyounganishwa na mtandao wa hospitali. Akalikarabati faili hilo la nakala kule, akaweka uzito sahihi, kisha akalifungua huku amezuia makro zote. Ijumaa nzima lilikaa wazi mbele yake. Alipanga kwa mkono, akahifadhi, akafunga, akafungua, mara thelathini. Halikuharibika. Kwa hiyo si kirusi, si panya, na si namna mtu anavyolifunga.

Jumamosi alianza kuziruhusu makro moja moja. Zilikuwa zake zote, alizifahamu kama anavyowafahamu binti zake. Ya kwanza, salama. Ya pili, salama. Alifika ya sita akiwa bado na matumaini, na anakiri kwamba matumaini yenyewe yalikuwa ya aibu, maana alikuwa akiomba kosa liwe la mtu mwingine. Akamruhusu Mpangaji. Akaweka saa yake ya mkononi mezani. Dakika ya kumi ilipotimia, majina yaliruka juu na chini yakatulia mahali papya. Safu ya uzito haikutikisika.

Alielewa palepale. Jumatatu, siku moja kabla ya balaa, tulitembelewa na wageni wa heshima, na Mkuu wa Takwimu alitaka kioo kikubwa kitundikwe kwenye korido kikionyesha "mfumo wetu." Bi Hakiki aliona si adabu uzito wa watu uanikwe koridoni. Akaihamisha safu ile hadi mwisho kabisa, ng'ambo ya safu tupu, na kuificha, iwe inafunuliwa wakati wa kuchapisha tu. Lilikuwa jambo la huruma. Ila Mpangaji aliandikwa apange hadi safu ya tano tu, na huko ulikohamia uzito hakuwahi kuambiwa. Kila dakika kumi aliwahamisha watu na kuacha kilo zao nyuma.

Hiyo ilieleza uzito. Haikueleza kwa nini faili halikufunguka. Kwa hilo ilibidi aende koridoni, akasimama mbele ya kioo cha wageni, kilichokuwa bado kinawaka. Hakuna aliyekuwa amekizima, kwa kuwa sote tulikiona ni runinga. Kumbe nyuma yake palikuwa na kompyuta, na ndani ya kompyuta faili lile lile lilikuwa wazi, na Mpangaji wa pili akihifadhi kila dakika kumi juu ya kazi ya Mpangaji wa wodini. Mara nyingi walipishana. Walipogongana, faili lilibaki nusu la huyu na nusu la yule. Bi Hakiki alichomoa waya ukutani kwa mkono wake.

Jumatatu iliyofuata kamati ilikuwa na ripoti tayari, imechapwa. Mkuu wa Takwimu, aliyekwisha kuambiwa ukweli faraghani, alimshauri Bi Hakiki kama kaka. "Tuseme ni umeme," alimwambia. "Umeme hauna mke wala watoto. Hautalalamika." Muuguzi angerudishwa kazini, cheti kingebaki ukutani, na kila mtu angekula chakula chake kwa amani. Ulikuwa ushauri wa busara sana, na watu wazima wengi wangeuchukua.

Kwenye mkutano wa asubuhi, ambao muuguzi naye aliitwa, Bi Hakiki alisimama na karatasi yake. Alisoma sababu, hatua kwa hatua, bila kupamba. Mwisho akasema, "Umeme haukuandika Mpangaji. Nimemwandika mimi, na sikumhakiki tulipobadilisha safu." Kisha akaiweka karatasi chini na kumgeukia muuguzi. "Dada, nilikuandika kitabuni kabla ya kuuliza. Nilikusingizia. Naomba unisamehe."

Watu wote walimtazama muuguzi. Muuguzi alisimama, akatoka nje, akaenda wodini kuwaunganisha watu. 

Uongozi ulichukua hatua stahiki. Bi Hakiki alipewa barua ya onyo. Mkuu wa Takwimu, mwezi huohuo, alipewa cheti cha uongozi bora wakati wa dharura, na kwa kukosekana msumari mwingine kilitundikwa juu ya kile cha Bi Hakiki.

Kwa wiki mbili, kila asubuhi kabla ya zamu, karani mkuu alikwenda wodini na karatasi, akasimama kando ya mzani, akalinganisha kila uzito na daftari la mgonjwa. Muuguzi alisoma namba kwa sauti bila kumtazama. Bi Hakiki aliweka alama, akasubiri inayofuata. Siku ya kumi kinyozi alichoka. "Nyinyi wawili," alisema akiwa juu ya mzani, "mimi nilikuja hapa na ugonjwa wa figo tu. Msiniongezee presha." Mama mjane wa mashine ya nne alicheka hadi akakohoa, na muuguzi akajikuta anacheka, na alipoinua macho Bi Hakiki alikuwa akifuta machozi kwa ncha ya karatasi ya ratiba. "Lete hiyo karatasi," alisema muuguzi, "unailowesha." Tangu siku hiyo waliihakiki pamoja.

Mafanikio yake ya miaka minne iliyofuata yanajulikana. Makro saba zilibaki tatu, na kila moja ina ukurasa unaosema nani aliiandika, inagusa nini, na lini ilijaribiwa mara ya mwisho. Nakala za akiba zina tarehe, na hakuna inayokalia mahali pa nyingine. Ratiba inahifadhiwa na kompyuta moja tu. Madaftari yamerudi kwa waraka mpya, uliosainiwa na mkono uleule uliosaini wa zamani, unaoyaita ubunifu. Wauguzi kumi na mmoja wamefundishwa kufungua faili bila makro wakilitilia shaka, na kuamini mzani kabla ya karatasi. Hakuna mgonjwa aliyewahi tena kuandikiwa kilo za mwenzake.

Wiki iliyopita afisa utumishi, kwa nia njema, alipendekeza barua ya onyo iondolewe kwenye jalada lake ili astaafu akiwa na jalada safi. Bi Hakiki aliuliza kama barua ina neno lolote lisilo la kweli. Akaambiwa haina. "Basi iacheni," alisema, kisha akaomba wasahihishe tarehe, kwa kuwa walikosea kwa siku moja.

Bi Hakiki, ruhusa ya nafsi ya tatu inaishia hapa. Siku ile mkutanoni uliniomba jambo mbele ya watu, nami nikatoka bila kujibu, na kwa miaka minne tumekunywa chai meza moja pasipo mimi kulijibu wala wewe kulikumbusha. Nilikusamehe. Sitakudanganya kwamba ilikuwa siku ileile, maana ungeuliza saa ngapi. Ilikuwa siku ya kumi na moja, asubuhi, nilipokukuta umefika wodini kabla yangu, umepiga magoti sakafuni, ukipangusa mzani. Nimeliandika hapa ili libaki kwenye kumbukumbu.

Ahsante kwa miaka thelathini na mitatu na miezi minne. Wewe na shemeji tunawaombea afya, usingizi wa mchana usiokatizwa, na jokofu lisiloharibika. Nenda salama, mama, uishi vizuri.